Kuchagua mashine ya kusagia unga nyumbani: mambo ya kujua ukiwa Nyamyumba na Rubavu

Ukurasa huu ni kwa ajili yako unayepikia familia katika Umurenge wa Nyamyumba au sehemu nyingine ya Wilaya ya Rubavu, uwe mkimbizi kutoka Kongo au mwenyeji. Swali tunaloulizwa ni moja: je, ninunue mashine yangu ya kusagia, au niendelee kupeleka nafaka kwenye mashine ya mtaani?

Jibu letu la haraka ni kwamba familia nyingi hazihitaji kununua. Wapo lakini wanaohitaji, na wapo wanaonunua mashine isiyowafaa, wakitumia fedha za msaada za mwezi mzima au kukopa kwenye kikundi cha akiba. Baadaye mashine inakaa chini ya kitanda. Kabla ya kutoa fedha, soma hadi mwisho.

Anza na hesabu ya unga wenu

Mtu mmoja hula kwa wastani gramu 400 hivi za nafaka kwa siku kama ugali ndio chakula kikuu. Familia ya watu sita hutumia kilo 2.4 kwa siku, yaani kilo 72 kwa mwezi. Andika idadi ya watu wa nyumbani kwako, zidisha kwa gramu 400, kisha kwa siku 30. Ukila viazi, ndizi au wali siku kadhaa kwa wiki, punguza.

Sasa chukua bei ya mashine uliyoiona sokoni na bei ya kusagisha kilo moja mtaani kwako. Tuseme mashine inauzwa faranga 30,000 na mwenye mashine anatoza faranga 50 kwa kilo. Gawanya 30,000 kwa 50, unapata kilo 600. Familia ya kilo 72 kwa mwezi itahitaji zaidi ya miezi minane kurudisha fedha hiyo, na hapo hatujahesabu umeme, vipuri wala nguvu za mikono yako. Bei hizi mbili ni mfano tu. Weka za kwako.

Kuna hesabu ya pili ambayo watu huisahau. Ukikoboa mahindi kabla ya kusaga ili upate unga mweupe, katika kilo 10 unaweza kubaki na kilo 7 hivi za unga. Kilo zilizobaki ni pumba na kiini, na mara nyingi zinabaki kwa mwenye mashine bila mtu kuuliza. Pumba hizo ni zako. Ziombe, uwape kuku, sungura au nguruwe, au umuuzie jirani mwenye mifugo. Ukisaga bila kukoboa, yaani unga wa dona, kilo 10 zinakupa karibu kilo 10. Kwa familia yenye fedha kidogo, kuacha kukoboa kunaokoa zaidi ya kununua mashine yoyote.

Gharama hii ya kusagisha si jambo dogo, na mashirika yanalijua. Miongozo ya chakula cha dharura ya mashirika ya Umoja wa Mataifa inasema watu wanapopewa nafaka nzima, gharama ya kusaga ihesabiwe kwenye mgao, kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20. Sababu ni kwamba familia isiyo na fedha ya kusagisha hulipa kwa chakula chenyewe, au huchemsha mahindi mazima kwa saa nyingi na kumaliza makaa. Ikiwa unapokea nafaka nzima badala ya fedha, una haki ya kuuliza kwenye mkutano wa wakimbizi kama gharama hiyo imehesabiwa.

Njia ambazo tayari unazo

Mashine ya mtaani yenye injini au mota kubwa husaga kwa vinyundo vinavyozunguka ndani ya chujio la chuma. Kwa saa moja hutoa mamia ya kilo. Hakuna mashine ya nyumbani inayoweza kushindana nayo kwa bei ya kilo moja. Ubaya wake ni mbali, foleni, umeme kukatika, na kwamba hukubali kiasi kidogo kwa shida: ukileta kilo moja ya soya na ulezi kwa uji wa mtoto, unachanganyiwa na mabaki ya mihogo ya aliyekutangulia. Nyamyumba ni milima inayoshuka hadi Ziwa Kivu. Anayekaa karibu na barabara ya Brasserie ana mashine jirani. Anayekaa juu mlimani anabeba gunia kichwani, anashuka, kisha anapanda tena, na mara nyingi anayebeba ni mtoto aliyetolewa shule siku hiyo.

Jiwe la kusagia, ambalo Wanyarwanda huliita urusyo, na jiwe dogo la juu liitwalo ingasire, bado linafanya kazi vizuri kwa ulezi, mtama na karanga kidogo. Halitumii umeme. Kwa mahindi makavu ni mateso. Ukichukua jiwe jipya, chagua gumu lisilomomonyoka, lisugue na kuliosha mara kadhaa, na saga konzi mbili tatu za nafaka za kutupa kabla ya kusaga chakula. Jiwe la lava lenye vitundu, ambalo limejaa upande wa Gisenyi na Goma, linakwaruza vizuri, lakini linaloacha mchanga kwenye kiganja ukilisugua litaacha mchanga kwenye uji pia.

Kinu na mchi vinatosha kuvunja mihogo mikavu na kutwanga majani ya sombe. Unga laini wa ugali unapatikana kwa kinu pia, lakini kwa kupepeta na kurudia. Mama zetu waliufanya kwa sababu hawakuwa na njia nyingine.

Mashine ya mkono

Hii ni ile ya chuma kizito inayofungwa ukingoni mwa meza. Ina mdomo wa juu wa kumiminia nafaka, skrubu kubwa ndani inayosukuma punje, sahani mbili za chuma zenye meno, moja imekaa tuli na nyingine inazunguka, na mkono wa kuzungusha. Skrubu ndogo ya mbele hukaza au kulegeza sahani ili upate chenga au unga.

Wauzaji hukuonyesha inavyovunja mahindi, na kweli inavunja haraka. Lakini chenga si unga. Ili kupata unga wa ugali unapitisha mara mbili: mara ya kwanza sahani zikiwa zimelegea, mara ya pili zikiwa zimekazwa. Kwa mahindi makavu, kilo moja itakuchukua kati ya robo saa na nusu saa, kutegemea mkono wako na ukali wa meno. Tuchukue dakika 20. Familia ya kilo 72 kwa mwezi itazungusha mkono saa 24 kila mwezi. Jiulize ni nani nyumbani atazitoa saa hizo. Tunajua jibu katika nyumba nyingi: msichana wa miaka kumi na miwili.

Kwa hiyo hatupendekezi mashine ya mkono kwa ugali wa kila siku wa familia kubwa. Tunaipendekeza, na bila kusita, kwa kazi nyingine tatu: unga wa uji wa watoto, karanga na soya ya kuweka kwenye mboga, na chenga za kuku. Kwa gramu 300 kwa siku, mkono unafanya kazi dakika sita au saba. Inafaa pia kwa mtu anayeishi peke yake au wazee wawili walio mbali na mashine ya mtaani.

Unapoichagua sokoni, Gisenyi au Mahoko, usiangalie rangi wala kung'aa. Fanya hivi:

- Zungusha mkono bila nafaka, sahani zikiwa hazigusani. Mhimili usiyumbe. Ukiyumba, sahani zitagusana upande mmoja na unga utakuwa na chembe za chuma.
- Fungua sahani kwa mkono. Kama haifunguki bila nyundo, hutaweza kuisafisha.
- Muulize muuzaji akuonyeshe sahani za akiba. Sahani ndizo zinazoisha. Mashine isiyo na sahani za kubadilisha ni ya muda mfupi, hata ikiwa bei ni nzuri.
- Angalia kifungio cha meza na unene wa meza yako. Meza nyepesi ya mbao laini itaruka ukizungusha. Watu wengi huishia kuifunga kwenye benchi zito au kwenye gogo lililochimbiwa ardhini.
- Angalia mahali palipounganishwa au kuzibwa. Mashine kuukuu iliyozibwa kwa madini laini ya rangi ya kijivu usiinunue. Sababu tunaieleza hapa chini.

Mashine ya mkono inataka nafaka kavu. Punje mbichi au zenye maji hugeuka uji na kuziba meno. Karanga hutoka kama siagi, na hilo si tatizo ukiwa ndilo unalotaka, ila osha na kukausha mara moja la sivyo mafuta yatachacha ndani. Mihogo mikavu lazima uivunje kwanza kwenye kinu hadi vipande vidogo kama punje ya mahindi.

Mashine za umeme za nyumbani

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Sokoni utakuta aina tatu, na wauzaji huziita zote kwa jina moja.

Ya kwanza ni blenda ya jikoni yenye kikombe cha kusagia viungo. Husaga kahawa, pilipili na konzi ya karanga. Haikutengenezwa kwa mahindi. Ukiilazimisha, mota inaungua ndani ya wiki chache.

Ya pili ni chombo cha duara cha chuma kisichoshika kutu, chenye kifuniko na visu viwili au vitatu vinavyozunguka kwa kasi kubwa sana, mara zaidi ya 25,000 kwa dakika. Huandikwa uwezo wake kwa gramu: 800, 1,000, 2,000. Kinasaga kwa dakika mbili au tatu na unga unatoka laini kweli. Lakini kina masharti. Hakiruhusiwi kuendelea zaidi ya dakika tano bila kupumzika, unga hutoka wa moto na lazima uutandaze upoe kabla ya kuufunika, na nafaka yenye mafuta au unyevu hugandamana. Kumbuka pia kwamba gramu 1,000 zilizoandikwa ni kikomo. Jaza nusu au theluthi mbili tu. Kwa familia ya kilo 72 kwa mwezi ni kazi ya kuwasha na kuzima zaidi ya mara mia. Kwa uji wa watoto na kwa mtu anayeuza unga wa viungo ni chombo kizuri.

Ya tatu ni mashine ndogo yenye mdomo wa kumiminia, mota ya kilowati 2 hivi, na chujio la ndani. Hii husaga mfululizo. Chujio lenye tundu za milimita 1 au chini yake hutoa unga wa ugali, na la milimita 2 au 3 hutoa chenga na chakula cha kuku. Hakikisha unapewa machujio zaidi ya moja. Hii ndiyo pekee kati ya tatu inayoweza kulisha familia kubwa, au familia kadhaa.

Kuhusu umeme, soma kibandiko cha mota kabla ya kulipa. Umeme wa Rwanda ni volti 230 na mizunguko 50. Kibandiko kiseme volti 220 hadi 240. Ikiwa ndugu yako wa Marekani au Kanada anataka kukutumia mashine, mwambie aache, kwa sababu ya huko imetengenezwa kwa volti 110 hadi 120 na itaungua siku ya kwanza. Kibandiko kikisema volti 380 au nyaya tatu za moto, hiyo ni ya kiwandani na haitawaka kwenye nyumba ya kawaida.

Gharama ya umeme yenyewe si kubwa kama watu wanavyodhani. Chombo cha wati 2,500 kikifanya kazi dakika tatu kwa kila kilo kinatumia kilowati-saa 0.125. Kilo 72 ni kilowati-saa 9 kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayoiona kwenye risiti yako ya kashipawa. Tatizo kubwa liko kwenye nyaya. Mota ya wati 2,200 huvuta karibu ampea 10, na wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi. Nyumba nyingi za kupanga zina waya mwembamba wa taa uliorefushwa kutoka chumba hadi chumba. Waya huo utapata moto ndani ya ukuta kabla hujaona lolote. Usitumie waya wa kuongezea, au ralonji kama wengi wanavyoiita, uliokunjwa au uliounganishwa kwa plastiki. Gusa plagi baada ya dakika mbili: ikiwa ya moto, zima.

Ukiwa mpangaji, kuna pia suala la mita. Nyumba kadhaa zikitumia kashipawa moja, mashine yako itakuwa chanzo cha ugomvi tangu wiki ya kwanza. Ongea na mwenye nyumba kabla ya kununua, si baada ya hapo, na mkubaliane saa za kusaga. Kelele za chombo chenye kasi ni kubwa, na mtoto mchanga wa jirani hasikilizi maelezo.

Seti ndogo za sola za taa, redio na simu haziwezi kuendesha mashine yoyote kati ya hizi. Muuzaji akikuambia zinaweza, tafuta muuzaji mwingine.

Kununua pamoja

Mashine ya aina ya tatu inaanza kuwa na maana ikigawanywa na familia sita au nane. Vikundi vya akiba vipo tayari: wenyeji wanaviita ibimina, na ninyi mliotoka Kivu mnazijua likelemba na MUSO. Kabla ya kuchanga, kubalianeni kwa maandishi kuhusu mambo matatu: mashine itakaa kwa nani, nani analipa kashipawa, na nani analipa sahani, mkanda au mota ikiharibika. Fedha ya matengenezo iwekwe tangu siku ya kwanza. Vikundi tulivyoviona vikigombana havikugombania bei ya mashine, viligombania mkanda uliokatika.

Mkianza kuwasagia watu wengine kwa malipo, hiyo sasa ni biashara. Mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi na biashara Rwanda, lakini biashara inaandikishwa na kulipiwa patante. Pitieni ofisi ya Umurenge kuuliza kabla hamjatundika bango.

Nafaka yenyewe

Mashine nzuri haitengenezi nafaka mbaya. Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu unaposagisha mtaani unaona unga tu, lakini ukisaga nyumbani wewe ndiye mkaguzi wa mwisho.

Mahindi ya msimu wa kwanza hapa huvunwa kuanzia Februari, na mvua za Itumba huanza Machi. Mahindi mengi yanaingia sokoni yakiwa hayajakauka. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu, yaani aflatoksini, isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumukuvu hutokana na ukungu, haionekani kwa macho, na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 walikufa. Yalikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Huna kipimo cha unyevu, lakini una chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, jaza punje hadi theluthi ya chupa, funika na utikise kwa dakika moja. Iache dakika 15. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha mahindi juani, kwenye turubai, si chini ya ardhi. Isiposhikamana, bado yape siku moja au mbili za jua kabla ya kusaga au kuhifadhi. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizonyauka zichague na kuzitupa. Usizipe kuku pia, maana sumu hupita. Nafaka iliyoloweshwa na mafuriko, kama yale ya Mei 2023 kwenye mto Sebeya, haifai kukaushwa na kusagwa.

Kamwe usisage mbegu za kupanda. Mahindi ya mbegu hupakwa dawa na hutiwa rangi, mara nyingi nyekundu au ya waridi au ya kijani, ili mtu asiyale. Kuosha kunaondoa rangi na kuacha dawa. Iraq, kati ya 1971 na 1972, familia za wakulima zilisaga ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya zebaki na kuoka mkate. Zaidi ya watu 6,500 walilazwa hospitalini na 459 walifia huko. Ukiuziwa mahindi ya bei rahisi yenye madoa ya rangi, yaache.

Mihogo ina habari yake. Wengi wenu mnapenda bugali wa mihogo kuliko kaunga, na mashine ndogo inausaga vizuri. Lakini mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha ina sumu ya sayanaidi, na kusaga peke yake hakuiondoi. Ikilowekwa siku tatu hadi nne ikalainika, ikaanikwa hadi ikakauka, ni salama. Wakati wa shida watu hufupisha siku hizo. Ndipo hutokea ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na hauponi, hasa kwa watoto na wanawake. Umejulikana sana Kwango na Kwilu, na umewahi kuripotiwa Kivu ya Kusini.

Ukinunua unga wa mihogo sokoni na hujui ulilowekwa siku ngapi, kuna njia rahisi. Weka unga kwenye beseni na uweke alama ya kimo chake ndani. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Acha kuongeza unapofika kwenye alama. Utandaze kwenye mkeka, unene usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Pika siku hiyohiyo.

Unga wa uji wa watoto

Hii ndiyo sababu bora ya kuwa na mashine ndogo nyumbani. Mchanganyiko wa soya, mtama na mahindi, unaojulikana Rwanda kama sosoma, unaweza kuutengeneza mwenyewe kwa kiasi kidogo na kwa nafaka uliyoichagua kwa mkono. Soya lazima ikaangwe hadi iive na harufu ya ubichi iondoke kabla ya kusaga. Soya mbichi huzuia mwili wa mtoto kutumia chakula.

Jambo moja ambalo wazazi wachache wanalijua: ulezi uliooteshwa siku mbili tatu, ukakaushwa na kusagwa, hulainisha uji mzito. Pika uji mzito kama unavyotaka, uache upoe kidogo, koroga kijiko kimoja cha unga huo, utaona uji unakuwa mwepesi bila kuongeza maji. Kisha urudishe motoni uchemke. Mtoto aliyezidi miezi sita anapata chakula kingi kwenye kikombe kilekile. Tumia ulezi, si mtama, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sayanaidi.

Lakini unga wa nyumbani hauna vitamini na madini yaliyoongezwa. Kama kituo cha afya kinampa mtoto wako au mama mjamzito Shisha Kibondo, huo usiuache na usiuuze kwa sababu sasa una mashine. Historia ya wakimbizi ina somo la uchungu hapa: mwaka 1990, kati ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, zaidi ya watu 18,000 walipata ugonjwa wa pelagra, kwa kuwa walikula mahindi karibu peke yake na karanga zilikuwa zimekatika. Karanga, maharage, dagaa wa ziwa na sambaza viendelee kuwepo mezani.

Baada ya kununua

Mashine mpya ina mafuta na vumbi la chuma. Osha sahani, zikaushe vizuri, kisha saga konzi tatu za mahindi na uzitupe. Pitisha sumaku ya spika kuukuu juu ya unga wa nne. Ikiokota vumbi jeusi, sahani zinagusana: legeza kidogo. Fanya hivyo tena kila baada ya wiki chache.

Mashine ikipasuka au mhimili ukilegea, usimruhusu fundi kuziba kwa risasi, ile ya betri za magari iliyoyeyushwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya Ukingo wa Magharibi huko Palestina, familia nzima ziliugua maumivu makali ya tumbo na upungufu wa damu. Chanzo kilikuwa vinu vya kijiji ambavyo mawe yake yalikuwa yameshikizwa kwa risasi. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto na haina ladha.

Unga wa dona una mafuta ya kiini, hivyo hauhifadhiki kama ule mweupe wa dukani. Saga wa wiki moja au mbili, si wa miezi. Ukianza kunuka au kuwa mchungu, umechacha. Nafaka nzima iliyokauka ndiyo ghala lako.

Vidole vya watoto havina kazi ndani ya mdomo wa mashine. Sukuma nafaka kwa mti, funga kitenge na kilemba vizuri, chomoa plagi kabla ya kufungua kifuniko, na usisage karibu na imbaula yenye moto. Mwenye pumu afunike pua kwa kitambaa.

Ukiwa Nkamira au unasubiri kuhamishwa

Ukiwa kwenye kituo cha muda cha Nkamira, usinunue mashine sasa. Utahamishiwa kambini, na mzigo mzito wa chuma ndio utakaoachwa. Ukifika kambini, uliza kwanza majirani mambo mawili: kama kuna umeme ndani ya nyumba, na mashine ya kusagisha iko umbali gani. Uliza pia kama kuna anayeondoka kwenda nchi nyingine na anauza vyombo vyake. Mashine nyingi nzuri za mkono zinapatikana hivyo, zikiwa zimeshazoea kazi, na mwenyewe yupo kukuonyesha inavyofunguliwa.